Redio ya Baba na Umeme wa Zahanati

Zahanati ya kijiji chetu, bondeni chini ya Kisarawe, ilinukia spiriti na matope ya masika. Juu ya bati lake palikuwa na paneli ya jua, nyeusi yenye ubuluu, pana kama mlango, na ndani friji ndogo ya chanjo ilikoroma polepole kama paka aliyeshiba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari kwa foleni, na betri za redio hazikuonekana tena katika duka la kijiji. Nesi Agnes alitueleza sisi watoto: "Mwanga wa jua ukipiga vioo hivi, umeme unazaliwa humo humo. Lakini vioo havitunzi kitu. Kinachotunza ni ile betri kubwa, nayo ndiyo inayolisha friji usiku na siku za mawingu."

Baba alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Jioni moja alivuta waya kutoka kwenye betri ile hadi kwenye redio yake, akaiweka barazani pa zahanati ili watu wasikilize habari. Nesi alimsihi kwa adabu. "Mzee, jua la masika ni haba. Tutatoa zaidi ya tunachoingiza." Baba akacheka, akasema jua ni la Mungu, haliishi. Ikawa kila jioni: habari, kisha muziki, nasi tukicheza hadi matope yakaturukia magotini. Mimi, binti wa mwenyekiti, nilicheza mbele kabisa.

Siku ya kliniki kina mama walijaa barazani. Nesi alifungua friji, akagusa chupa za chanjo, kisha akatoka. "Mama zangu, rudini nyumbani. Betri imekwisha, chanjo zimeharibika." Hakumtaja mtu, ila macho yote yaliufuata ule waya. Bi Zainabu, aliyetembea tangu alfajiri na mwanawe Idi mgongoni, akamgeukia baba. "Basi mwenyekiti, huyu nimchanje kwa muziki?"

Baba aliinamisha kichwa. Mimi niliuma ukosi wa gauni langu, nikitamani ardhi inimeze. Mchuma janga hula na wa kwao. Kisimani wenzangu walinipisha kama mgonjwa. Baba alipanda vilima kwa baiskeli hadi Kisarawe kuomba chanjo nyingine, akaambiwa asubiri mgao. Surua haikusubiri. Idi alipona, lakini jicho lake la kushoto halikuona tena. Baba aliacha uenyekiti, na hadi anakufa hakulizungumzia jambo lile.

Siku hizi naishi mtaa wa Picha ya Ndege. Paneli ziko juu ya mapaa, ndogo na rahisi. Wajukuu wangu wanachaji simu, wanawasha taa na muziki, na hakuna wanayemnyang'anya chochote. Nawaonea wivu kwa raha yao isiyo na lawama. Juzi sokoni mtu mzima mwenye jicho moja aliniamkia kwa upole, "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba nikitazama nyanya, maana hadi leo sijaweza kumtazama Idi usoni.