Mbuzi wa Pole

Watu huniuliza kama bado nina hasira. Ninayo, na naitunza vizuri, maana ndiyo iliyonipandisha ngazi za mahakama wakati mguu ulikuwa umegoma. Wanaonishauri nisamehe huja kwangu kwa miguu yao miwili, na wakishamaliza kunishauri huondoka kwa miguu hiyo hiyo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule Miyuji, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, kwa cherehani ya miguu aliyoniachia mama. Siku ile nilikuwa nimepeleka sare Mvumi, na wakati wa kurudi nikashuka njia panda kusubiri gari la kwenda mjini. Jua lilikuwa bado kali. Hapakuwa na mvua, hapakuwa na kona, na mimi nilikuwa nje ya lami kabisa, nimekaa juu ya jiwe na mfuko wangu mtupu mapajani. Pikapu nyeupe ikaacha barabara yake ikanifuata nilipo.

Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa nafuu. Nililala ubavu, mdomo umejaa mchanga, nikasikia breki, nikasikia mlango unafunguliwa, kisha viatu vikija juu ya changarawe. Nikaviona. Nikaona suruali ya kaki, nikainua macho nikauona uso wa kijana. Naye akaniona. Kisha viatu vikarudi vilikotoka, mlango ukafungwa, gari likaondoka.

Watu wa pale ndio walionibeba. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na ulipounga uliunga umepinda. Daktari alinieleza bila kuzunguka: uvunjwe tena na kunyooshwa kwa operesheni kubwa, ama nikubali kwamba hautakanyaga cherehani tena maisha yangu yote. Operesheni ile sikuwa na uwezo nayo. Mguu wa kulia ndio ulionisomeshea watoto.

Polisi waliandika maelezo yangu. Askari aliyeyachukua hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu.

"Mama, gari gani?"

"Pikapu nyeupe."

"Mama yangu, Dodoma hii pikapu nyeupe ni nyingi kuliko kuku. Namba?"

Namba sikuiona. Kaka yangu mkubwa, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wa nyumba yetu, akasema basi, jambo limekwisha.

"Mshukuru Mungu uko hai. Tafuta mota, ifungwe kwenye cherehani."

"Na hiyo mota itanipeleka chooni?"

"Wewe dada, mdomo wako ndio ungevunjika."

Tulicheka, lakini mimi sikuwa natania. Aliyenisikia vizuri ni jirani yangu, mwanamke wa Kirangi kutoka Kondoa anayeuza vitunguu sokoni, ulimi wake ukiwa mkali kuliko vitunguu vyenyewe. Alikuja asubuhi moja na bajaji ya kukodi, akanirushia magongo yangu.

"Ninyi Wagogo mtu akiwagonga mnamwambia asante. Panda twende."

Tulirudi njia panda. Nikasalimia kila mlango, "Mbukwenyi," kwa sababu hata mtu mwenye shida haanzi na shida yake. Tukauliza kama gari lile liliangusha chochote. Kioo? Taa? Kipande cha bati? Kila mtu alitupa pole, kila mtu alikumbuka damu, na hakuna aliyekumbuka kitu kingine. Tulikuwa tumeshakata tamaa, jirani yangu akanigusa bega.

"Wale kuku wanakunywa kwenye nini?"

Uani kwa bibi mmoja palikuwa na kitu kirefu cheupe, kimelazwa mgongo na kukingwa kwa mawe mawili, na ndani yake maji safi. Lilikuwa bampa. Mtu wa kwingine angeshangaa, lakini mimi nilizaliwa na kukulia kwenye nchi hii ya vumbi. Kwetu kitu chochote kinachoweza kushika maji hakilali barabarani hata nusu saa. Bibi yule aliliokota jioni ile ile tuliyokutana mimi na gari, akaliosha damu na mchanga, akawapa kuku. Hakuficha chochote. Hakuna aliyemwuliza habari za chombo cha kuku.

"Bibi, shikamoo. Naomba nikigeuze hicho."

"Marahaba mjukuu wangu. Na kuku wangu wanywe wapi?"

Jirani akaenda dukani akarudi na beseni jipya. Bibi akalikagua, akaligonga kwa kidole, akaridhika. Tulipomwaga maji na kuligeuza bampa, namba ilikuwa bado imefungwa kwa skrubu zake, imetazama chini muda wote ule kama mtoto aliyefanya kosa. Nilikaa chini palepale kwenye tope la kuku nikalia kwa furaha.

Baada ya hapo polisi hawakupata shida. Gari lilikuwa la mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini. Dereva alikuwa mwajiriwa wake. Bima ilikuwa imekwisha muda, hata ile ndogo ambayo kila gari lazima liwe nayo, kwa hiyo hapakuwa na kampuni ya bima ya kuiendea. Wa kulipa ni mwenye gari kutoka mfukoni mwake, au hakuna. Dereva alipigwa faini kwa kuendesha gari lisilo na bima, lakini faini huenda serikalini, haiingii kwenye mfupa wa mtu. Na kuhusu mimi, maelezo yake aliyatoa kwa ufupi. Alisikia kishindo, hakusimama, alidhani amegonga mbuzi.

Mbuzi! Nilimwomba askari anisomee mara ya pili, akanisomea.

Wiki iliyofuata wakaja wazee watatu nyumbani kwa kaka, wamevaa vizuri, wametumwa na mwenye gari. Walikuja kutoa pole, na pole yao waliivuta kwa kamba. Sijui kama yule bwana alifikiri, au kama hakufikiri kabisa. Mtu wake alidhani mimi ni mbuzi, naye kunituliza ananiletea mbuzi.

Mimi nilikuwa ndani. Kaka alikuwa nje, na kaka ni mtu wa adabu. Kwetu mgeni akikunyooshea kamba ya mnyama humwachi mkono ukiwa hewani. Ni aibu, ni kama kumnyima maji. Kaka akapokea kamba. Hakusema amekubali wala amekataa, aliipokea kamba tu, akaagiza chai. Wazee wakanywa, wakaaga. Kesho yake nilipopiga simu polisi kuulizia faili, askari akashangaa.

"Mama, si mmeshayamaliza kifamilia? Wametuambia mbuzi amepokelewa."

Nilimfuata kaka. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa ua, anatafuna kanga niliyoisahau kwake jana.

"Kaka, umeniuza kwa kamba."

"Ningefanyaje? Niwaache wazee wa watu wameshika kamba mpaka jioni?"

"Ndiyo!"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu baba. Hadi leo najua hakukosea kwa ubaya. Alikosea kwa malezi, na malezi hayo hayo nilipewa mimi. Ila mimi nilikuwa na mguu uliopinda, na mguu uliopinda hukufundisha ukorofi.

Nikakodi bajaji. Dereva wake alipomwona mbuzi alitaka kuongeza nauli, kisha alipomsikia jirani yangu akaacha. Tulimshusha mbuzi mwanzo wa mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kwenye magongo, nikajifunga kamba kiunoni. Jirani alitaka kumshika, nikakataa. Tukaenda mimi na mbuzi, yeye akivutwa na kila jani, mimi nikivutwa na yeye, mchana kweupe, mtaa mzima umesimama.

"Mama, huyo anauzwa?"

"Hauzwi. Anarudi kwao."

Mwenye gari alikuwa nyuma ya kaunta. Mtu nadhifu, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaniletea kiti na soda. Nilikaa, soda sikuigusa. Akasema amesikitika sana, vijana wa siku hizi hawana ubinadamu, na yeye ni mtu anayemcha Mungu. Akasema yuko tayari kugharamia operesheni yote, kesho kutwa nikitaka, hadi mwisho. Akachukua karatasi akaandika kwa mkono wake kwamba ametoa msaada kwa majeruhi kwa moyo wa huruma, na kwamba majeruhi hatamdai lolote.

"Andika fidia," nikamwambia.

"Mama, hela ni zile zile."

"Kama ni zile zile, andika fidia. Andika gari langu limemgonga mtu, nalipa."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ninyi Wagogo bwana! Hata kuomba mna masharti."

Huo ni utani ambao tumeishi nao. Nimeusikia shuleni, nimeusikia kwenye harusi, nimeusikia kanisani. Miaka ya njaa watu wetu walikwenda mijini kunyoosha mikono, ni kweli, na waliowapita njiani wakatengeneza kichekesho. Mama yangu alikanyaga cherehani kwa miaka yote ili sisi tusiwe ndani ya kichekesho hicho. Kwa kawaida mtu akinitania hivyo namrudishia utani wake, tunacheka, yanaisha. Siku ile sikuwa na utani wa kurudisha.

"Siombi, baba. Nadai."

Nikafungua kamba kiunoni, nikamfunga mbuzi wake kwenye nguzo ya mlango wake, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia soda ikianguka, nadhani mbuzi aliipenda.

Nisijifanye jasiri. Nilipofika nyumbani nililia mpaka nikaumwa kichwa, kwa sababu operesheni ilikuwa mkononi na nimeitupa kwa neno moja. "Neno unakula?" kaka akaniuliza, akanuna. Nikajifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto, kazi ya siku moja nikaifanya kwa tatu, wateja wakapungua. Jirani ndiye aliyenipeleka kwa msaidizi wa kisheria wa kata, akanionyesha namna ya kufungua madai mahakamani dhidi ya dereva na mwenye gari wote wawili. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Kila ilipoahirishwa kuna mtu alinikumbusha ile karatasi ya msaada, na kila nilipokumbushwa nilizidi kukaza shingo.

Hukumu ilipokuja ilikuwa upande wangu. Ililipwa kwa kusukumana, mguu ukavunjwa ukanyooshwa, na leo unakanyaga. Lakini siku ya hukumu siikumbuki vizuri. Ninayoikumbuka ni siku dereva aliposimama kizimbani, kijana yule yule, na suruali ya kaki. Alirudia maneno yake kwamba hakusimama, alidhani ni mbuzi. Wakili wao akakaa. Mimi sikuwa na wakili. Hakimu akaniambia kama nina maswali niulize.

"Mbuzi wako alikuwa na rangi gani?"

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. Kijana hakucheka, alikuwa anayatazama magongo yangu.

"Ulishuka kwenye gari?" nikamwuliza.

Akamtazama wakili wao. Nikamwuliza tena, na safari hii sikumwuliza kwa ukali. Nilichoka kuwa mkali naye. Alikuwa rika la mwanangu wa mwisho.

"Nilishuka," akasema.

Wakili akainuka, hakimu akamkalisha.

"Ulinikuta nafanya nini?"

"Ulikuwa chini. Ulikuwa... ulikuwa unaongea."

"Nilisema nini?"

Akafuta uso kwa kiganja. Mwenye gari, pale kwenye benchi, alikuwa ameinamia simu, akainua kichwa.

"Ulisema, baba, usiniache hapa. Ulisema naomba, baba. Ulisema mara nyingi."

Kaka yangu alikuwa amekuja siku ile, amekaa nyuma, na nilisikia pumzi yake. Hilo sikuwa nimemwambia. Sikumwambia jirani wala askari wala daktari. Maelezo yangu yote, kila mahali, yaliishia kwenye viatu. Nilimwita baba kijana ambaye ningeweza kumzaa, nikamwomba, nikamshika suruali, naye akaikung'uta akaondoka. Hasira yote niliyokuwa nayo, magongo, kamba kiunoni, karatasi niliyoikataa, ilikuwa inazunguka pale.

Hakimu aliandika, akasubiri, kisha akaniuliza kwa upole kama nina swali jingine.

"Sina, mheshimiwa," nikasema. "Umesikia mwenyewe. Kuomba nilishaomba, pale chini, na sikupewa."