Kilo Kumi na Moja kwa Figo Moja

Daktari hakunizungusha. Alisoma majibu ya vipimo, akasema damu yangu na ya mdogo wangu wa kiume zinapatana, figo zangu zote mbili ni nzima, kisha akainua macho akanitazama mimi mwenyewe. "Tatizo ni uzito," akasema. Nilikuwa na kilo tisini na tatu. Ili wakubali kunitoa figo moja wampe mdogo wangu, ilibidi nishuke hadi themanini na mbili au chini ya hapo. Alinipa miezi sita. "Taratibu," akaongeza. "Ukijinyima chakula ukaja hapa umenyauka, nitakurudisha nyumbani vilevile."

Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, mikono mapajani. Alikuwa ameendesha gari la watalii kushuka na kupanda kreta, lile bonde la wanyama pori, kwa miaka tisa, na sasa alikuwa amepanga chumba Arusha ili awe karibu na mashine inayomsafisha damu mara tatu kwa wiki. Tulipotoka nje alinipa sharti moja: Yeyo asijue. Sisi ni watu wa Nainokanoka, kule juu kwenye malisho, na Yeyo ndivyo tunavyomwita mama yetu.

"Akisikia utakatwa, atakataa," alisema. "Na akikubali halafu wewe ushindwe kupungua, atakuwa amenililia mara mbili. Tusubiri kwanza daktari aseme ndiyo."

Nilikubali. Hata leo sijui kama nilikubali kwa sababu alikuwa na haki au kwa sababu uso wake ulikuwa umevimba na sikutaka kubishana nao.

Mimi ni fundi nguo hapa Karatu. Nashona sare za shule na kupindia mashuka, na kazi hiyo hufanyika mtu amekaa. Nilikuwa napenda kula na sikuwahi kuona aibu. Chapati mbili na chai ya maziwa asubuhi, chipsi mayai mchana, na jioni ugali wa kunishikilia hadi kesho yake. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ya hapa mjini, binti mdogo mwenye sauti ya upole iliyonikera siku ya kwanza, alinipa daftari na kuniambia niandike kila kinachoingia mdomoni. Kila kitu, hata andazi la kuonjeshwa. Baada ya wiki moja tulikaa tukalisoma pamoja, nikajisikia kama mtu anayesomewa mashtaka.

Hakunikataza ugali. Alinionyesha ngumi yangu mwenyewe akasema ugali uwe wa ukubwa huo, mboga zijae nusu ya sahani, maharage au nyama robo. Akanifundisha habari ya kalori kwa kijiko. Kijiko kimoja cha mafuta ya kula, alisema, kina kalori nyingi kuliko bakuli zima la mchicha. Sikuamini. Nilirudi nyumbani nikamimina mafuta kwenye sufuria kama nilivyozoea, safari hii nikipima kwanza kwa kijiko, nikafika vijiko saba. Nilikaa chini. Miaka yote nilikuwa nalaumu mifupa mizito ya ukoo wetu.

Basi nikaanza. Nilinunua sufuria ndogo ya kwangu peke yangu. Alfajiri nilitembea kuelekea njia ya Rhotia, nikirudi na vumbi jekundu hadi magotini. Kila Jumamosi nilipanda mizani kwenye duka la dawa, na kila Jumamosi jioni mdogo wangu alipiga simu.

"Dada, umepima?"

"Nimepima. Tisini na moja na nusu."

"Sawa," alikuwa akisema, nami nikimsikia akishusha pumzi.

Nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine hakuna, nyingine kilo nzima. Nguo zangu nilizibana mwenyewe kwa cherehani langu. Mjini wakaanza kunitazama. Huku kwetu mtu hapungui bila sababu, na sababu anayopewa huwa mbaya. Jirani yangu mwenye duka la vyombo, mama mmoja Mchaga mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki, aliniuliza mbele ya mteja, "Dada, umekwisha hivyo, umeshapima?" Nilimjibu kwamba napima kila Jumamosi. Alinishika mkono kwa huruma, na wiki iliyofuata akaja na wenzake wawili wa kanisani kuniombea. Nilifumba macho nikaombewa. Nilikuwa na hasira, lakini maombi sikuyakataa, tulikuwa tunayahitaji.

Nilikuwa na themanini na nne na nusu Yeyo aliposhuka kutoka Nainokanoka. Alitaka kuwa karibu na mwanawe, na kwangu ndiko karibu alikoweza kufika bila kukaa kwenye chumba kimoja na mgonjwa. Aliniangalia mlangoni muda mrefu. Hakusema nimepungua. Aliweka mizigo yake chini, akaingia jikoni, na kuanzia siku hiyo jiko likawa lake. Sikumzuia. Kumwondoa mama jikoni ni sawa na kumwambia arudi kwake. Nilimweleza tu kwamba hospitali imenipangia chakula, sufuria ndogo ndiyo yangu, mafuta kijiko kimoja, basi. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Jumamosi ya kwanza mizani haikusogea. Ya pili nilikuwa na themanini na tano. Ya tatu, themanini na tano na nusu. Nilimwambia muuza dawa kwamba mizani yake imeharibika, akapanda yeye, ikasoma uzito wake uleule. Nikaongeza matembezi, nikaacha chai. Mtaalamu wa lishe alipitia daftari langu mara mbili, akaniuliza kama naandika ukweli. Nilimfokea, kisha nikamwomba radhi.

Sitasema sikuonja kitu. Nilionja. Maharage yale yalikuwa matamu kuliko maharage ya kijiko kimoja, mchicha ulikuwa unang'aa, na uji wa ulezi ulikuwa unateleza kooni kwa namna niliyoijua tangu utotoni. Ulimi ulijua, nami nikaunyamazisha. Nilijiambia ni mkono wa mama. Nilikuwa nimechoka kula kwa kupima, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne nilikuwa nashiba.

Jumamosi ya nne nilikuwa na themanini na sita. Jioni ile simu haikulia. Nilipiga mimi, ikapokelewa na muuguzi. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu ya mdogo wangu, walikuwa wamemlaza na kumpa oksijeni. Zilibaki wiki sita na kilo nne. Nilimwambia Yeyo kwamba amelazwa kidogo tu, atatoka. Alikwenda kukaa nje, shuka kichwani.

Jumanne yake umeme ulikatika saa sita mchana. Cherehani langu ni la umeme, nikafunga na kurudi nyumbani. Yeyo alikuwa jikoni, mgongo kwangu. Sufuria yangu ndogo ilikuwa mekoni, na yeye alikuwa anachota samli kwenye kopo kwa upawa. Akatia upawa mmoja, akakoroga. Akatia wa pili.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

Aligeuka taratibu, hakuficha upawa. "Nakupa chakula."

Nikalipuka. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilimwambia ni mwongo, nikamwambia anaharibu kila kitu, na mwisho nikamwambia, "Unamuua mwanao." Alisimama pale, samli ikidondoka sakafuni.

"Mwanangu nataka kumponya," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mdogo wako nilimwona anakonda nikasema ni kazi ya gari. Nikachelewa. Nimefika hapa nakukuta na wewe umeanza hivyohivyo, nyote mnanificha. Kwako sikutaka kuchelewa."

Nilijisikia mdogo kuliko sufuria ile. Kwetu samli hupewa mama aliyejifungua na mgonjwa, na mama yangu alikuwa amekaa wiki nne ndani ya nyumba yangu akiamini anatazama mtoto wa pili akimfia. Mimi niliyemwita mwongo ndiye niliyekuwa nadanganya. Nilivunja sharti la mdogo wangu palepale. Nilimweleza kuhusu figo, kipimo, kilo, tarehe, na kuhusu daktari aliyesema nikizidi hata kidogo nitarudishwa.

Hakulia. Aliuliza swali moja. "Zimebaki siku ngapi?"

"Arobaini."

Alichukua sufuria, akaenda kumwaga chakula chote nje. Hakusema kama anakubali nikatwe. Alijifunza tu kijiko. Alipima mafuta kwa ukali, akafuta yaliyozidi juu ya kijiko kwa kisu, na nilipojaribu kuongeza tonge aliondoa bakuli mbele yangu bila neno. Alfajiri alitembea nami, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Themanini na tano. Themanini na nne. Mdogo wangu alitoka wodini akiwa amepungua hata sauti. Themanini na tatu. Wiki ya mwisho sikulala vizuri, na kila nilipokunywa maji niliogopa uzito wake.

Tulisafiri kwa basi siku nzima kwenda hospitali kubwa ya daktari yule, sisi watatu. Asubuhi nilivua viatu, shanga, hata kitambaa cha kichwa. Mizani ilisoma themanini na moja na pointi nane. Nilimwomba muuguzi aisome tena.

Nilidhani imekwisha. Daktari akasema bado kuna karatasi ya familia, wanataka mzazi awe ameelewa na kuridhia, na kila mtu ndani ya chumba akamgeukia Yeyo. Nilikuwa mkalimani wake, kwa sababu Kiswahili cha hospitali kinampita. Daktari alieleza hatari zote, zangu kwanza, kisha za mdogo wangu. Sikupunguza hata moja. Nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha.

"Yeyo, ukikataa sitakulaumu," alisema mdogo wangu.

"Nyamaza," alimwambia. Kisha akanielekezea swali la kumuuliza daktari: "Je, mnaweza kuniahidi kwamba nitarudi na wote wawili?"

Nilitafsiri. Daktari akasema hawezi.

Muuguzi alikuwa ameshafungua kidau cha wino cha kuwekea alama ya dole, akakiacha wazi mezani. Nilisikia magari yakipita nje.

"Muulize ni nani ataamka kwanza."

Daktari akasema ni mimi.

"Basi wewe ndiye utakayenisaidia kumsubiri huyu," alisema, na akabonyeza dole gumba kwenye karatasi.