Shada la Glavu la Bernadine Hruska

Bernadine Hruska hakuyapenda mashada ya dukani, na wala hakuficha. Kila Oktoba, kabla ya Halowini, ile sikukuu ya kutishana kwa mzaha, wanawake wa mtaa wake pale Kesler, Ohio, walipoanza kutundika milangoni yale mashada ya plastiki yenye maboga yanayochekacheka, yeye alipita akiyatupia jicho la pembeni na kuguna. "Hilo nalo shada? Hata paka haliogopi." Akishasema hivyo anaendelea na safari yake, na mwenye mlango abaki akijiuliza kama ametukanwa au ametaniwa.

Lake alilitengeneza kwa mikono yake mwanzo hadi mwisho. Alikata mizabibu mwitu kwenye mteremko nyuma ya nyumba, akailoweka kwenye karai hadi ilainike, akaisokota duara na kuiacha ikauke jikoni. Baada ya hapo ndipo akili yake ilipochemka. Mwaka mmoja alilifanya shada kuwa mdomo, maharagwe meupe yakawa meno na kitambaa chekundu ulimi, na mbeba barua akakataa kuingiza mkono kwenye kisanduku cha barua kando ya mlango. Mwaka mwingine ilitokeza miguu miwili ya mchawi, soksi za mistari na viatu vyenye ncha, kana kwamba bibi wa watu alitaka kupenya mlangoni akakwama kiunoni. Watu walivuka daraja kutoka upande wa pili wa mto kuja kupiga picha. Wakati huo mumewe Stan alikuwa hai, kiwanda cha chuma kilikuwa kinatoa moshi, na mji ulikuwa na nguvu ya kucheka.

Mwaka huu hakutengeneza shada la kuchekesha mtu. Alitengeneza la kumwita mwanawe.

Corinne alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliumia mgongo akibeba mizigo kwenye ghala, daktari akampa vidonge, vidonge vikampa mazoea, na mazoea yakamfikisha kwenye vitu ambavyo mama yake hakutaka hata kuvitaja majina. Ikaondoka televisheni. Zikaondoka zana za marehemu Stan, moja moja, mpaka saa yake ya mkononi. Bernadine akaenda kwenye kikao cha wazazi waliofikwa na hayo hayo, katika chumba cha chini cha kanisa, wakamwambia: mfungie mlango, asipofika chini kabisa hawezi kuinuka. Mambo ni rahisi kwelikweli ukiyasema umekaa na kikombe cha kahawa. Akafanya walivyosema. Corinne alisimama kibarazani na mfuko wa nguo, na Bernadine, kwa hasira iliyokuwa imejaa hadi kooni, akamwambia: "Toka hapa kwangu. Nisikuone tena." Akabana mlango.

Wahenga wanasema mtoto akikunyea kiganjani, kiganja hukikati. Bernadine alikikata, na tangu siku hiyo kikawa kinamwuma.

Miaka miwili ilipita bila simu wala salamu. Kisha mwezi Septemba, jirani yake Wilma Pavlik akamjia mbio, aproni bado kiunoni.

"Shoga, kaa kwanza. Binamu yangu kamwona Corinne."

"Wapi? Hai?"

"Sasa angemwona vipi kama si hai? Ng'ambo ya mto, anaosha vyombo kwenye mgahawa. Kakonda, lakini anasema macho yametulia. Na unajua kamwuliza nini? 'Mama bado anatundika mashada yake?'"

Bernadine hakukaa. Alichukua koti, akavuka daraja siku hiyo hiyo. Mgahawani wakamwambia aliacha kazi juzi, na anapolala hapajulikani. Alirudi nyumbani akalia mpaka pua ikaziba, kisha akafuta uso, akateremka chumba cha chini na kutoa sanduku la glavu za kazi za Stan.

Glavu zilikuwa fikra ya Corinne mwenyewe, alipokuwa na miaka tisa. Unazipaka rangi nyeusi, unazijaza pamba, unazifunga kuzunguka duara zima zikiwa zimeshikana vidole, kama watu wanaocheza kwa kuzunguka. Bernadine alikuwa amempinga. "Mikono iliyoshikana inaogopesha nini?" Na mtoto akamjibu, "Inaogopesha, mama, kwa sababu watu wenyewe hawapo." Walilitundika, na Kesler nzima ikakubali kwamba halijapata kutokea shada kama lile.

Basi akalitengeneza upya, lile lile. Alishona usiku na mchana, sindano ikamchoma, gundi ya moto ikamchoma, hakujali. Alijua kwamba Corinne akiupita mlango huo na kuliona, ataelewa bila kuambiwa kwamba anaitwa. Na kama kuna siku ya kupita, ni jioni ya Halowini, maana hiyo ndiyo jioni pekee ambayo mtu yeyote anaweza kupanda kibaraza chochote, uso kafunika, na hakuna wa kumwuliza wewe nani.

Pale Kesler jioni hiyo ina mpaka wake. Kituo cha zimamoto kinapiga king'ora saa kumi na mbili, watoto wanamwagika barabarani na vinyago vyao kuomba pipi mlango hadi mlango. Kinapiga tena saa mbili, watoto wanarudi kwao. Katikati ya ving'ora hivyo, taa ya kibarazani ikiwaka maana yake karibu. Ikizimwa, hapa hatutaki mtu, pita. Hata mtoto wa miaka mitatu anaijua sheria hiyo.

Na mtaa ule ulikuwa na kichekesho chake cha miaka nenda rudi: mume wa Wilma, mzee Emil. Kila Halowini alivaa koti kuukuu, akajichomeka majani makavu mikononi na shingoni, akavaa gunia kichwani, na kwenda kukaa kimya kwenye kiti cha kibaraza cha mtu. Kibaraza cha nani, hakumwambia mtu, hata mwenye nyumba. Watoto walidhani ni mdoli. Wakishachukua pipi, mdoli unawashika mguu. Mayowe yake unayasikia hadi mtoni! Emil alikuwa na miiko: hasemi neno, hajibu salamu, havui gunia mpaka king'ora cha pili. Corinne mwenyewe alikua akikimbizwa na gunia hilo.

King'ora cha kwanza kilipolia, Bernadine alikuwa tayari mlangoni na bakuli la pipi. Alipofungua kwa kundi la kwanza, akaona kwenye kiti cha mwisho wa kibaraza, kule ambako mwanga wa taa hauendi vizuri, koti kubwa limejikunyata, majani yanatokeza mikononi, gunia limeinama.

"Ahaa! Mwaka huu zamu yangu," akasema. "Karibu, mzee. Ukinivunjia kiti utanunua."

Gunia halikusema kitu. Bernadine akacheka, akarudi kwenye kazi yake, na kazi yake ilikuwa macho. Kila aliyekuja alimtazama kwenye matundu ya macho kabla ya kumpa pipi. Popo, mizimu, wazima moto, malkia wawili waliogombana. Warefu aliwatazama zaidi. Alikuja mmoja mrefu, kinyago cha mbwa mwitu, na Bernadine akasogea karibu.

"Wewe ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi Brody, wa fundi mabomba," mbwa mwitu akajibu kwa sauti inayovunjika. "Samahani, bibi, najua nimeshakuwa mkubwa. Ila napenda zile za karanga."

Akampa za karanga.

Baadaye kidogo kilikuja kisichana kimevaa kama nyuki, pembe zimepinda. Kilichukua pipi, kikaangalia shada, kikaangalia kule mwisho, kikamvuta Bernadine sketi.

"Bibi, mdoli wako analia."

"Analia?"

"Ee. Nimemsikia. Nikampa pipi moja, akasema asante."

Bernadine alicheka hadi akashika kizingiti. Emil kavunja mwiko wake kwa ajili ya nyuki! "Mwongo mkubwa huyo, mwanangu. Leo kaamua kuwa mwigizaji. Usimwamini."

Hata hivyo akamwonea huruma, maana baridi ilikuwa inapanda kutoka mtoni. Akamimina kikombe cha juisi ya tufaha ya moto, akakiweka juu ya ukingo wa kibaraza, mkono mmoja tu kutoka kwenye kile kiti. "Kunywa, usije ukanifia hapa, mkeo akasema nimekuroga." Mkono wenye majani ulitoka kwenye koti, ukakichukua kikombe taratibu. Bernadine hakuutazama. Watoto wengine walikuwa wanapanda ngazi, na mmoja wao alikuwa mrefu.

Huyo naye hakuwa yeye. Wala aliyefuata. Watoto wakapungua, barabara ikabaki na makaratasi ya pipi na baba mmoja amebeba mchawi aliyelala begani. Kadiri saa mbili ilivyokaribia, ndivyo matumaini yalivyomtoka Bernadine, na pale yalipotoka pakaingia uchungu. Alijiona mjinga. Glavu za mume wake marehemu zinaning'inia mlangoni, na mtoto hayupo. Alitaka king'ora kilie, afunge, akalale.

Kikalia. Mtaa mzima, taa zikaanza kuzimika mlango hadi mlango.

Bernadine hakutaka Emil amwone uso. Akajitia uchangamfu, akasema kwa nguvu bila kugeuka, kama walivyozoea kutaniana:

"Haya, maonyesho yamekwisha! Nimekuvumilia jioni nzima, sasa inatosha. Toka hapa kwangu, nisikuone tena!"

Akacheka, akazima taa, akafunga mlango. Kutoka ndani alisikia kiti kikilalamika, kisha miguu ikishuka ngazi taratibu. "Na uangalie ngazi ya chini, imeoza!" akapiga kelele. Miguu ikaenda zake.

Bakuli alikuwa hajaliweka chini alipogongewa mlango wa jikoni. Wilma, na sahani ya mkate wa maboga, anahema, uso unang'aa.

"Shoga, mbona hukuniambia? Mmepatana?"

"Na nani?"

"Na nani tena? Corinne! Nimekutana naye pale kwenye kona, chini ya taa, gunia kama la mzee wangu mkononi, koti limejaa majani. Nikajua tu, huyu kamvizia mama yake kwa mchezo wa Emil. Nimemwita, hakugeuka. Alikuwa analia, nikasema basi, ni machozi ya heri." Akashusha sahani. Alikuwa ameuona uso wa mwenzake. "Bernadine?"

"Aliyekaa pale ni Emil," Bernadine akasema.

"Emil gani? Emil yuko kitandani tangu Jumatatu, goti limevimba kama boga. Hata chooni namshika mkono."

Bernadine hakusikia mengine. Alitoka vile vile, na ndara, bila koti. Alikimbia hadi kwenye kona, akakimbia hadi darajani, akaita jina hilo mpaka mbwa wa mtaa wakamjibu. Magari mawili yalipita yakielekea ng'ambo, moja likapunguza mwendo kumwangalia, likaongeza. Alisimama katikati ya daraja, ameshika chuma, hajui ageukie wapi, maana pande zote mbili kulikuwa na giza na pande zote mbili mtu anaweza kwenda. Wilma alimfikia akiwa na blanketi na tochi. Walitafuta kwenye kituo cha mabasi, walitafuta nyuma ya maduka yaliyofungwa, waliuliza kwenye pampu za mafuta. Hakuna aliyekuwa amemwona mwanamke mwembamba mwenye majani kwenye koti. Au walikuwa wamewaona wengi. Jioni ile nani hakuwa na kitu cha ajabu mwilini?

Wilma ndiye aliyemrudisha, akamkalisha jikoni, akampa chai ambayo hakuinywa.

"Alikuja mwenyewe," Wilma akasema. "Aliliona shada, akaja. Atarudi tu. Tutamweleza ulidhani ni Emil."

"Tutamweleza wapi?"

Wilma akaisogeza chai karibu naye.

"Alikaa pale saa mbili nzima, Wilma, akiniangalia. Akaniona nampa pipi kila mwenda njia. Nilimpelekea kikombe mpaka mkononi, na sikumtazama." Bernadine aliongea taratibu, bila kulia, kama mtu anayejisomea hukumu. "Mara ya kwanza nilimfukuza kwa hasira. Hasira ya mzazi mtoto huwa anaijua, akikua ataisamehe. Leo nimemfukuza kwa maneno yale yale, na nilikuwa nacheka."

Wilma alivuta kiti akakaa karibu naye, akamshika mkono.