Tarumbeta la Mjomba Fransisko

Ukimwona Anastasia kwenye gulio la Mkuyuni, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anabishana na mchuuzi wa Dar juu ya mkungu wa ndizi, utasema mwanamke huyu ana sauti. Ndugu yangu, hujamsikia akipuliza tarumbeta. Mimi napiga ngoma kubwa kwenye bendi hiyohiyo, na wapiga ngoma kubwa hatukuumbwa kunyamaza, kwa hiyo habari yake nitaitoa mimi.

Bendi yetu ya kigango, huku juu Matombo, ni ya zamani kuliko barabara. Mapadre waliileta enzi za mkoloni, ala zikapanda mlima vichwani mwa babu zetu, na wanasema aliyebebeshwa tuba, ile ala kubwa kuliko zote, aliivaa mvua ilipomkuta njiani. Hakuna aliyewahi kuajiriwa humu. Katikati ya wiki tuko mashambani, kwenye karafuu, mdalasini na migomba. Jumapili tunapiga kanisani, na Jumamosi tunapakiwa kwenye gari la mizigo kwenda kuchezesha arusi za Wakristo kwa Waislamu, hadi Morogoro mjini. Ala zetu zimenyooshwa na fundi wa masufuria mara nyingi mno, na tuba imeshasahau umbo ililozaliwa nalo.

Sasa shika hili, maana ndipo vituko vinapoanzia. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama, na bendi yetu nayo imefuata njia hiyo. Ala haiendi kwa mtoto wa mpigaji, inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Na anayerithi ala anarithi na jina. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye marehemu mbele ya ukoo wote: mjane anamwita mume wangu, wapwa wanamwita mjomba, hata kama jana walimtuma dukani kununua chumvi.

Mjomba Fransisko, mpiga tarumbeta wetu mkuu, alipofariki mwaka juzi, aliacha mjane, Rosa, na mdogo wake wa kike, Catherine. Catherine ana watoto wawili. Shukuru anaendesha bodaboda mjini, na alipojaribishwa tarumbeta alitoa mlio wa bata aliyekanyagwa, akalirudisha palepale. "Mama, mimi na hili dude hatujuani," alisema. Wa pili ni Anastasia.

Anastasia alilitaka tarumbeta lile kwa uchu. Tangu akiwa mdogo mjomba wake alimfundisha kwenye migomba, kwanza kwa kipande cha mpira wa maji na faneli, baadaye kwa tarumbeta lenyewe. Bendi nzima tulijua. Aliyekuwa hataki kujua ni mama yake.

"Nimzae mwenyewe, nimnyonyeshe mwenyewe, halafu nimwite kaka?" Catherine alifoka kwenye kikao cha ukoo. "Wanaume wameisha?"

"Hawajaisha, wifi," Rosa akajibu. "Ila wanalia kama bata."

Kikao kilivunjika kwa vicheko, lakini neno la Catherine lilikuwa zito. Kwetu dada wa marehemu ndiye anayemtambua mrithi. Asipomtambua, hakuna mrithi, na tarumbeta lingeingia stoo ya kanisa kulala na viti vibovu. Wazee wakaamua hivi: siku ya kumaliza msiba, Anastasia apige mbele ya watu ule wimbo wa maandamano alioupenda mjomba wake, kisha Catherine aseme.

Basi Anastasia akapuliza wiki nzima. Akapuliza asubuhi kabla ya shamba, akapuliza jioni baada ya shamba, kuku wa jirani wakagoma kutaga. Siku yenyewe ilipofika, mdomo wake ulikuwa umevimba kama andazi.

Mtu wa mahali pengine angekwenda zahanati. Sisi wa Matombo dawa ya kila kitu ni karafuu: jino, tumbo, hata moyo ukiuma. Rosa akamtwangia karafuu mbichi, akampaka mdomo juu na chini, akampa na nyingine za kutafuna. Maumivu yakaisha papo hapo, na mdomo nao ukaondoka pamoja nayo.

Mimi nilikuwa nimeshainua kirungu cha ngoma. Mwalimu wetu wa bendi, Ernest, akapunga mkono. Uwanja mzima ukatulia. Anastasia akaliweka tarumbeta mdomoni, akajaza mashavu, akapuliza.

Pffffff.

Akajaribu tena. Mate yakamchuruzika hadi kwenye gauni. Akajishika mdomo kwa vidole, akageuka kutuangalia, macho yamemtoka. "Mdomo siusikii!" akasema kwa ulimi mzito. Watoto wakaanguka chini kwa kucheka. Trombone wakacheka. Mungu anisamehe, mimi nilicheka hadi kirungu kikanitoka mkononi, na huku namwonea huruma. Nilimwona Catherine pale chini ya turubai anaanza kujifunga kanga yake vizuri, tayari kusimama na kulimaliza jambo.

Rosa akamuwahi. Akaingia katikati ya uwanja na kiti cha marehemu mkononi.

"Ernest!" akapaza sauti. "Tangu lini mume wangu akapiga na njaa? Fransisko alikuwa anakula kwanza! Kaa hapo, mume wangu."

Kusema kweli Fransisko hakuwahi kula kabla ya kupiga, lakini nani angebishana na mjane siku ya msiba wake? Anastasia akakalishwa. Akanawishwa mikono. Akaletewa kuku na firigisi juu yake, firigisi ya baba mwenye nyumba, akaitafuna upande mmoja huku nusu inamdondoka. Uwanja mzima ulishangilia kila tonge. "Kula, mjomba!" walipiga kelele wapwa. Na Rosa anampangusa kidevu, anauliza kwa sauti kama mume wake angependa na uji.

"Bado ganzi?" Rosa akamnong'oneza.

"Bado."

Mchuzi ukaletwa. Bado. Ernest akaanza kuangalia saa, Catherine akaanza kumwangalia Ernest. Rosa akaenda jikoni, akarudi na bakuli la supu ambalo hata mimi niliyekaa mbali lilinitoa machozi. Ilikuwa pilipili kichaa, na supu kidogo ya kuisindikiza. Anastasia akanywa fundo moja, akanywa la pili. La tatu akaruka kutoka kwenye kiti.

"Inawasha!" akapiga yowe. "Mama wee, mdomo unawaka moto!"

Sijawahi kuona watu wakifurahia mtu kuungua namna ile. Akalikwapua tarumbeta, machozi yanamtiririka, na safari hii likalia. Lilipanda juu ya turubai, likapanda juu ya migomba, likajibiwa na mlima. Sikumsubiri Ernest. Niliingia na ngoma, trombone zikaingia, tuba ikaingia kwa kuchelewa kama kawaida yake, na watu wakainuka wenyewe wakaanza kuandamana kuzunguka uwanja, vikongwe na watoto, Shukuru anarekodi kwa simu huku anaruka. Nilijisikia nimelewa na sikuwa nimeonja kitu.

Tulipomaliza, Catherine peke yake ndiye aliyekuwa amekaa. Akasimama. Vicheko vikazima kimoja kimoja. Akatembea polepole hadi mbele ya binti yake, na sote tulidhani anakwenda kumpokonya tarumbeta. Ernest alisogea hatua moja amzuie.

Catherine akapiga goti moja mchangani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Anastasia akabaki amelikumbatia tarumbeta, mdomo mwekundu. Tangu azaliwe ni yeye aliyekuwa akimpa mwanamke yule shikamoo, kila asubuhi ya Mungu. Alimwangalia Rosa, Rosa akaangalia pembeni. Alituangalia sisi, nasi tukaangalia ala zetu. Mama yake alikuwa bado chini, anangoja kuitikiwa.

"Marahaba," akasema Anastasia, na sauti ikamkatika. "Marahaba, mdogo wangu. Inuka."