Kikohozi cha Mtu wa Nyuma

Mlimani walimwita Dira, na jina lenyewe alilivaa kama koti la harusi. Kwa miaka ishirini na miwili aliongoza wageni kupita msituni hadi kileleni bila kutamka neno "sijui". Akiulizwa jina la ndege asiyemfahamu, alimbatiza papo hapo.

Waongoza wageni wa pale walikuwa na sheria yao: kiongozi hakosolewi mbele ya wageni. Mpagazi wa nyuma akiona njia siyo, anakohoa mara mbili. Kiongozi anasimama, anajifanya kufunga kamba za viatu, anajirekebisha kimyakimya. Heshima inabaki, roho zinapona.

Siku ukungu uliposhuka, mtu wa nyuma alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Walipolipita gogo lilelile mara ya pili, shemeji akakohoa. Dira akasikia. Lakini nyuma yake kulikuwa na wageni wanane, na mmoja alikuwa ametoka kumsifu kwamba ana ramani kichwani. Sifa ni pombe. Zikishapanda, miguu haisikii la mtu. Akaendelea. Shemeji alikohoa mchana kutwa, mpaka mgeni mmoja, daktari wa meno, akamhurumia na kumpa dawa ya kifua.

Alasiri, kwenye mteremko ambao hawakupaswa hata kuuona, shemeji aliteleza na mzigo wa mahema mgongoni. Goti likageukia upande usio wake. Wageni wote walirudi salama, na Dira akapewa cheti.

Siku hizi Dira hapandi kitu zaidi ya ngazi za hoteli. Makampuni humwalika awafundishe mameneja kuongoza watu wakati mambo hayaeleweki. Huwasimulia siku ile ya ukungu, hata mpagazi wa nyuma alivyoteleza, na huwaambia wasimame imara, wasiyumbe, wasionyeshe shaka. Mameneja huandika yote, kisha hurudi ofisini kupoteza watu kwa kujiamini zaidi. Juzi msimamizi wa ghala, mama wa makamo, alinyoosha mkono.

"Na yule wa nyuma, mwalimu, yeye alikuwa anaona nini?"

Dira alikunywa glasi nzima ya maji. Kisha akaaga kabla ya chai.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, ambaye sasa hushona vitambaa vya makochi pale sebuleni kwake, mguu kaunyoosha juu ya stuli. Kwa miaka tisa ukoo mzima umeamini kwamba ukungu ulimeza kikohozi kile. Dira ndiye aliyesema hivyo, hospitalini, dada yake akilia begani mwake.

"Shemeji, siku ile nilikusikia."

Shemeji hakuinua macho. Alikata uzi kwa meno.

"Najua. Kila nikikohoa, ulikuwa unaongeza mwendo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, dada yako? Ana kaka mmoja tu. Nikaona nisimpunguzie." Akavuta kitambaa kingine. "Ila nimechoka kukutetea, shemeji. Yuko jikoni. Kamwambie mwenyewe."

Jikoni palikuwa hatua sita, mlango wazi, harufu ya vitunguu ikionyesha njia.

"Kaka, ni wewe?" dada yake aliita, sauti imejaa furaha. "Njoo unionjee chumvi."

Dira alikwenda, taratibu kuliko alivyowahi kumwendesha mgeni yeyote, akijua kwamba huenda asiitwe tena kwa sauti ile.