Kioo cha Dirisha la Kamanthe

Mama yangu, Kamanthe, hatoi kitu chake hivi hivi. Ukimwomba chumvi, atakuuliza yako ilienda wapi. Kwa hiyo siku fundi Ndolo alipofika kwetu Kangundo kuomba kioo cha dirisha la mama, nilivuta kiti nimtazame akifukuzwa.

Kanisa letu la zamani lilikuwa linakarabatiwa, na ngazi ya mafundi ilikuwa imevunja kioo kimoja. Ndolo alijaribu kioo kipya cha dukani. Kikanyooka na kung'aa kama jino la bandia katikati ya vile vya zamani, ambavyo vina mawimbi mawimbi, ukitazama nje unaona mikahawa ya shambani inacheza. Akaleta kingine kutoka Machakos mjini, chenye mawimbi ya kiwandani, yote sawasawa. Hicho nacho kilikataa. Kilichofanana na vya kanisa kilikuwa kwetu tu, kwa sababu marehemu baba ndiye aliyevipachika ujanani mwake. Kilichobaki alipewa, akamwekea bibi arusi wake nyumbani.

Nami nilikuwa na hasira zangu. Macho ya mama yamefifia, sura ya mtu haioni. Lakini akiketi kwenye dirisha lile, mtu akipita njiani, kioo kinamkunja na kumvuta, na mama anaona kitu kinatikisika. Hapo anaita, "Nani huyo anakuja?" Siku yake yote iko hapo.

"Fundi, hapana," nikasema. "Hiyo kioo ndiyo macho yake. Na ikivunjika ukikata?"

"Inaweza vunjika," Ndolo akasema. "Siwezi kukudanganya, dada. Ni ya zamani, na ni kubwa kuliko ile nafasi ya kanisa. Lazima nikate. Ikienda, hakuna ingine."

"Basi uende wewe!"

"Wavinya," mama akaniita, "hii nyumba ni yangu ama ni yako?"

Akamgeukia fundi.

"Ndolo, toa hiyo kioo."

"Mwaitu," nikamsihi mama yangu, "utaona na nini?"

"Hii nyumba mtabomoa nikienda. Nilisikia wewe na Mutinda mkipima huko nje, mkidhani nimelala. Kanisa hamwezi bomoa."

Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Mutinda ni kaka yangu, na ni kweli tulikuwa tumepima.

Ndolo alibandua taratibu puti iliyoshikilia kioo, akalaza kioo mezani juu ya blanketi. Akakigeuza, upande uliokuwa ndani ukawa juu, kwa kuwa ule wa nje ulikuwa umeliwa na mvua na vumbi. Alichovya kikatio kwenye mafuta ya taa, akavuta pumzi, akakiburuta juu ya kioo mara moja bila kurudia. Kioo kililia. Mama alikuwa ameweka kiganja ukingoni mwa meza, na nilitaka kumwambia aondoe mkono. Kisha Ndolo akashika pande mbili, akabonyeza. Kukasikika mlio mkali. Nilifumba macho.

"Imevunjika?" mama akauliza.

Ndolo alikuwa anapitisha kidole kwenye ukingo. "Imekatika vizuri, Mwaitu."

Nililia, na sikujali fundi ananiona.

Dirishani kwa mama sasa kuna kioo cha dukani, kisafi kabisa, na yeye haoni chochote. Bado huita, "Nani huyo anakuja?" Mimi niliyezoea kupita mbio nimeweka kiti changu kando yake. Namwambia ni Kitonga na ng'ombe wake, ni watoto wa shule, ni njia tupu tu. Habari ya kubomoa mimi na Mutinda hatuizungumzi tena.

Jumapili alitaka tumkalishe kando ya dirisha la kanisa lenye kioo chake. Katikati ya mahubiri akanishika mkono.

"Kuna mtu anakuja," akasema kwa sauti, hata mhubiri akanyamaza.

Nikageuka. Nje, kati ya mikahawa inayocheza, mtu alikuwa anapanda kilima.

"Ni Ndolo, Mwaitu. Amechelewa."

"Akiingia," akasema, "mwambie naona."