Usukani wa Lori la Marehemu Kaka

Kaka yangu alipofariki, niliachiwa lori lake la zamani nimbebee shemeji, mjane wake, mahindi kutoka Rhotia hadi Karatu. Usukani ukazidi kuwa mzito kila wiki. Nikaamini marehemu hataki niliendeshe. Nilipomwambia shemeji alilia, akasema basi tuliuze.

Kwanza tulimwita katekista aliombee. Majirani wakaja. Baada ya amina, jirani mmoja ambaye ni fundi alifunua boneti, akafungua nati juu ya boksi la usukani na kuchovya waya. Ukatoka mkavu.

"Marehemu alikuwa akitia oili humu," akasema. "Wewe umewahi kutia?"

Sikujua kama hapo panatiwa oili.

Shemeji akafuta macho, akaniangalia. "Kwa hiyo ulimsingizia marehemu, shemeji?"